Siku ya Kufagia Kaburi la Mwene

Anyelwisye alikuwa fundi cherehani, lakini si cherehani iliyompa jina. Tunduma nzima, kuanzia stendi mpaka kule malori yanakopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Nakonde, ukimuulizia fundi Anyelwisye watu walikuuliza, yule mshenga? Huyo huyo. Alikuwa ameozesha watu pande zote za mpaka, Wanyiha kwa Wanamwanga, Wandali kwa Wabemba, walokole kwa wanywaji wa pombe ya komoni, na posa aliyoibeba yeye haikuwahi kurudi imevunjika. Siri yake ilikuwa nini? Mzee alikuwa mwongo, basi. Mwongo wa heshima, mwongo wa kazi, lakini mwongo.

Baba wa kijana akimtuma akaseme kwamba ng'ombe haongezeki hata mguu, kama hawataki wakae na binti yao azeeke, Anyelwisye alifika, akanywa chai, akafuta mdomo, akasema wenzenu wanawaheshimu sana, wanaomba muwafikirie. Kule nako akitukanwa, alirudi na salamu. Maneno makali yote yalibaki njiani. Pande zote zikalainika, wakakutana, wakacheka, ndoa ikafungwa, na wewe utamlaumu nani? Kuna watu wameishi miaka thelathini kwenye ndoa hizo na wana wajukuu.

Hata kwenye misiba alitumwa. Baba yake Clement, kijana mmoja wa kijiji cha Ilonde, alipofariki, Clement alikuwa Tunduma akipakua mahindi kwenye lori, na ni Anyelwisye aliyekwenda kumchukua. Alimwambia, "Baba anaumwa kidogo. Twende nyumbani kwanza." Kijana akapanda pikipiki, na njiani akaomba wasimame anunue juisi ya mgonjwa. Walisimama, akanunua. Matanga yalipokwisha alimuuliza mzee kwa nini alimficha, na mzee akamjibu kwamba habari ya namna hiyo hapewi mtu aliye barabarani, atadondoka, hatafika. Clement alielewa. Nadhani ndiyo siku aliyoanza kumpenda yule mzee, maana mwaka uliofuata alirudi na wajomba zake kumposa Irene, binti pekee wa Anyelwisye, akamwoa, akaenda kuishi naye kwao Ilonde.

Sasa sikiliza habari ya Ilonde. Vita yenyewe ilianza na ufagio. Ndiyo, cheka. Hata sisi tulicheka.

Ilonde na Msyanga ni vijiji viwili vinavyotazamana, katikati kinapita kijito cha Nantala. Zamani vilikuwa nchi moja ya mwene mmoja, yaani chifu mmoja, na kaburi la mwene huyo wa mwisho liko juu ya kilima kidogo kando ya kijito, upande wa Msyanga. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya mbegu kuingia ardhini, kaburi hilo hufagiwa, na nyumba inayolifagia ndiyo nyumba kubwa. Serikali ilipofuta uchifu baada ya uhuru, ukubwa huo ulikosa mwenyewe. Kwa zaidi ya miaka hamsini lilifagiwa na mwanamke yeyote aliyepita karibu na ufagio, na mvua zilinyesha vizuri tu.

Kisha yakaja haya mambo ya kurudisha machifu wa mila. Matamasha, ngoma, kofia za manyoya, kupiga picha na wageni. Hapo wajukuu wawili wa marehemu wakakumbuka ghafla kuwa kila mmoja wao ni mwene. Shadrack wa Msyanga aliwahi kuwa askari ujanani, miaka michache tu, akarudi na sauti. Abrahamu wa Ilonde hakuwahi kushika hata rungu, ila alikuwa na malori mawili yanayokwenda Lubumbashi, na alizoea kwamba akipiga honi watu wanapisha.

Shadrack alikusanya vijana arobaini, akawaita Walinzi wa Mwene, akawachezesha gwaride kila Jumapili baada ya ibada kwa bunduki za mbao. Abrahamu akasikia, akakusanya sitini. Shadrack akawanunulia wake kaptula za kaki. Abrahamu akawanunulia wake suruali, na buti juu. Siku moja Shadrack akaja kwa Anyelwisye na koti lake, akataka ashonewe nyota moja begani. Wiki haikuisha, Abrahamu naye huyo, anataka mbili. Mzee akashona. Kufika Agosti mmoja alikuwa na tano na mwenzake sita, mabega yamekwisha nafasi, na Anyelwisye aliwasimulia wateja wake habari hiyo mpaka machozi ya kicheko yakamtoka. Aliona ni wazee wawili waliokosa shughuli. Hata mkwe wake Clement alipofanywa kiongozi wa walinzi wa Ilonde, mzee alicheka. Alikuja kuacha kucheka siku alipokwenda kumsalimia Irene akamkuta Clement nyuma ya nyumba ananoa panga, analijaribu kwa kidole gumba, uso hauna mchezo. Jembe lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeshika kutu, na msimu wa kulima ulikuwa mlangoni.

Septemba kila mwene akatangaza kuwa mwaka huu anayefagia ni yeye.

Kuzungumza wenyewe hawakuweza. Mwene hampigii mwene simu, anayepiga kwanza ndiye mdogo. Wakatafuta wa kutumwa, mtu asiye wa huku wala kule, na kila upande kwa wakati wake ukalitaja jina lile lile. Anyelwisye ni Mndali wa Itumba, hana ukoo na yeyote kati yao, na ulimi wake tunaujua. Alikubali upesi. Nyumba ya binti yake ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka kijitoni, na siku kukipambazuka vibaya mume wa binti yake ndiye angekuwa mbele. Kama kulikuwa na kazi aliyotaka kuifanya vizuri kuliko zote maishani mwake, ni hiyo.

Alianzia kwa Abrahamu. Mwene alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuzunguka, kile cha ofisini, kimewekwa kwenye baraza la udongo.

"Mwambie akinyanyua ufagio pale juu," alisema, "nitamvunja mkono."

Anyelwisye akavuka kijito na maneno hayo. Alipofika ng'ambo, akapiga goti, akapiga makofi ya heshima kama inavyotakiwa, akasema: "Mwene, ndugu yako anakusalimu. Anaomba mkae mlizungumze hili la kaburi kabla siku haijafika."

"Anaomba?" Shadrack alisema.

"Anaomba, Mwene."

Shadrack akawageukia walinzi wake, akawaambia mmesikia, anaomba. Vijana wakacheka. Kisha akatoa jibu lake, kwamba bibi yake Abrahamu aliingia nyumba ya babu kama mchota maji, na mjukuu wa mchota maji hashiki ufagio ule. Loo! Jibu hilo nalo likabaki njiani. Abrahamu alichopokea ni kwamba Mwene mwenzako anasema nyinyi ni damu moja, na neno lako atalisikiliza. Abrahamu akazunguka kwenye kiti chake nusu mzunguko, akatabasamu, akamnong'oneza Clement kuwa jamaa ameogopa.

Safari tatu alizokwenda mzee zilikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anauma na kupuliza, kama alivyozoea, na kila aliporudi alikuta sura zimekunjuka kuliko mwanzo, akadhani kazi inakwenda. Masikini wa Mungu. Kwenye posa pande zote mbili zinataka ndoa, ndiyo maana neno tamu linawasogeza. Hawa hawakutaka kukutana. Kila mmoja alitaka mwenzake ainame, na kila salamu nzuri aliyoletewa aliihesabu kuwa mwenzake ameanza kuinama. Kama angewapelekea matusi yao kama yalivyotoka, labda wangeogopana. Yeye aliwaondolea woga.

Baada ya safari ya tatu alipita kwa Irene, akala ugali na maharage, akamwambia, "Imeiva, mwanangu. Watafagia pamoja." Irene alifurahi kweli. Alisema sasa Clement atarudi kulala nyumbani badala ya kule kambini kwa Mwene.

Alhamisi, siku mbili kabla ya kufagia, Anyelwisye alikwenda Msyanga kukamilisha, akiwa na wazo lake kwamba wazee washike ufagio mmoja kwa pamoja, huyu juu huyu chini. Alikuta lori limesimama uwanjani. Vijana walikuwa wanashuka, wengine wametoka Nakonde, wengine mashamba ya kahawa ya Iyula, watu wa ukoo walioitwa. Ng'ombe wawili walikuwa wameshachinjwa. Kwenye turubai kulikuwa na marungu yamepangwa vizuri kama vifaa vya shule, na pembeni gobore moja la zamani, linapakwa mafuta.

"Njoo uone," Shadrack alimwambia. "Keshokutwa nafagia na watu mia mbili. Na yule hatatia mguu, wewe mwenyewe ndiye umeniletea habari kwamba amelegea."

Mzee akapiga goti pale pale kwenye damu ya ng'ombe.

"Mwene, nisamehe. Niliyokuletea siyo aliyoyasema."

"Alisema nini?"

"Alisema ukinyanyua ufagio pale juu atakuvunja mkono. Ana watu, Mwene. Naye anakuja."

Shadrack akacheka, kicheko cha kweli, akamwinua mzee kwa kiwiko. Akamuuliza tangu lini mtu aliyeomba wiki iliyopita akavunja mikono wiki hii. Akasema Abrahamu ameona lori likipita, roho imemruka, ndiyo maana amemtuma mzee kuja kumtisha. Anyelwisye akaapa. Akaapa kwa Mungu, kwa mama yake aliyelala Itumba, kwa binti yake. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyocheka. Uongo wake waliumeza wote bila kutafuna, ukweli wakautema.

Akavuka kijito, viatu mkononi. Kwa Abrahamu alimwaga yote, lori, marungu, gobore, mchota maji. Abrahamu hakucheka. Alimtazama kwa huruma fulani, kama anavyotazamwa mtu aliyechuja.

"Shadrack amekununua, mzee wangu. Nenda kapumzike." Kisha, kwa upole kabisa, akamweleza mpango wake. Wanawake watatangulia na mafagio, kama ilivyokuwa enzi za babu, na walinzi watafuata nyuma yao. Nani atamgusa mwanamke mwenye ufagio? Na baada ya salamu zote zile alizoletewa, hakuona sababu ya kuhofu.

Anyelwisye akamuuliza ni wanawake gani. Abrahamu akasema wa walinzi, anayeongoza ni mke wa kiongozi wao. Ni heshima kubwa hiyo, akasema.

Alimkuta Irene nyuma ya nyumba anafunga ufagio mpya, vijiti kashikilia kwa magoti. Akamwambia afungashe, waondoke wote Tunduma sasa hivi, akakae naye mpaka Jumatatu. Irene akadhani baba yake anaumwa. Alipomwelewa, aliendelea kukaza kamba, akasema haiwezekani, mke wa kiongozi akikimbia Clement ataficha wapi uso wake.

"Tena si ulisema mwenyewe imeiva, baba?"

"Nilisema."

"Basi usinitie hofu."

Alijaribu kumshika mkono, akaona binti anamwonea haya. Clement alipokuja alimsikiliza mkwewe kwa adabu, amesimama, mikono nyuma, na alipomaliza akajibu kuwa yeye hana amri ya kurudisha mtu yeyote. Amri ni ya Mwene. Alionekana kama angependa iwe yake. Na Mwene naye, ukimuuliza, angekuambia vijana wameshanunuliwa buti, ng'ombe wameshalipiwa, wageni wameshaalikwa, atawaambiaje warudi? Ng'ambo ni vile vile. Wote walikuwa wanasubiri mwingine asimame kwanza.

Ijumaa Anyelwisye alishinda kwenye ofisi ya mtendaji wa kata. Alikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa tisa. Mtendaji hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amewaandikia barua wamwene wote wawili wafanye sherehe zao kwa amani, na wote wawili walikuwa wamemjibu kwa barua nzuri yenye mhuri. Akamwonyesha. Zilikuwa barua nzuri kweli. Hata hivyo akasema, kwa kuwa mzee ana wasiwasi, kesho saa mbili waje mgambo wawili waongozane naye.

Jumamosi saa mbili mzee alikuwa pale, na pikipiki ya kukodi. Saa mbili na nusu alikuwa bado pale. Alimpigia Irene, simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mgambo mmoja akatokea karibu na saa tatu, anasema mwenzake yuko njiani amepata pancha, wamsubiri kidogo. Anyelwisye akasubiri dakika tano, kisha akapanda pikipiki bila mgambo.

Yeye na dereva walikuwa wamefika kwenye mteremko wa mwisho, kilima wanakiona, watu juu yake wamejaa, kaki upande huu na kaki upande ule, wakati mlio mmoja uliposikika. Mmoja tu, mzito, na moshi mweupe ukapanda taratibu. Dereva akakanyaga breki. Kelele za watu zikafika baada yake, na hazikuwa za ngoma. Dereva akasema mzee, mimi nina watoto, akageuza. Anyelwisye akashuka akaenda kwa miguu, anakimbia kidogo, anatembea kidogo, umri umemshika kifuani.

Wanawake walikuwa wanashuka mbio, kanga zimefunguka, njiani mafagio yamezagaa. Akamshika mmoja. Mama yule hakumtazama, alisema huku anajinasua kwamba wa Msyanga walipiga gobore hewani, kumheshimu babu, na wa Ilonde wakadhani wanauawa, wakawavamia, sisi tukiwa katikati, baba, sisi tulikuwa katikati. Akamuuliza Irene je. Mama akakimbia.

Juu kule ilikuwa inaendelea. Sauti ya Shadrack ilisikika ikipiga kelele simama, simama, na honi ya gari la Abrahamu ikipigwa bila kukoma, na hakuna aliyesimama wala aliyepisha. Walinzi waliofundishwa miezi sita kwenda mbele hawakuwa wamefundishwa kurudi.

Alipofika kijitoni alimwona Clement. Kijana alikuwa ameingia majini akitokea upande wa kilimani, peke yake, panga hana. Shati lake la kaki lilikuwa limelowa upande mmoja, kuanzia begani mpaka kiunoni, kama mtu aliyebeba kitu kifuani kwa muda mrefu, na yeye mwenyewe hakuwa na jeraha. Alimwona mkwewe, akasimama. Akafuta mikono kwenye suruali, akaitazama, akaifuta tena.

"Shikamoo, baba."

Anyelwisye hakuitika. "Irene yuko wapi?"

Clement akatazama kilimani, akatazama maji. Aliporudi kumtazama mzee uso wake ulikuwa umetulia, umetulizwa kwa nguvu.

"Irene anaumwa kidogo," alisema. "Tumempeleka. Twende nyumbani kwanza."

Mzee alitaka kumkamata kijana ukosi, amwambie mimi ndiye niliyekufundisha hayo, usinifanyie mimi, nipe lilivyo. Tangu Alhamisi alikuwa amezunguka akiwasihi watu waupokee ukweli. Sasa ulikuwa mbele yake, umesimama majini, unamsubiri aulize. Nyumba ilikuwa hatua mia mbili. Alizipima kwa macho, akajua akiulizia hapo hatazimaliza.

"Anaumwa?" akauliza.

"Kidogo, baba."

"Kidogo tu?"

"Kidogo tu."

Clement akamshika mkono, wakageuka kuelekea Ilonde. Walitembea polepole, mzee ameegemea shati lile lililolowa, na kila baada ya hatua chache alisimama akamwomba kijana amwambie tena, na kijana akamwambia tena.